Mwenzetu aliyejua Kiha: kisa cha walimu watano wa Kiingereza nchini Burundi

Kuhusu kisa hiki

Hiki ni kisa cha wiki kumi za kufundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi ya kijijini nchini Burundi. Tulikwenda walimu watano wa kujitolea kutoka Tanzania, mimi nikiwa mmoja wao na mratibu wa kundi. Nimeondoa jina la shule, la kilima (eneo dogo la utawala kule, kama kijiji kwetu), la komine iliyo juu yake na la taasisi iliyotupeleka, na mwaka sikuutaja. Watu nawataja kwa nafasi zao tu.

Nakiandika kwa ajili ya mwalimu kijana anayejiandaa kuvuka mpaka akiwa na imani niliyokuwa nayo mimi: kwamba jirani anasikia Kiswahili, kwa hiyo Kiingereza tutakipitisha kwenye Kiswahili na kazi itakwenda. Imani hiyo ilitugharimu wiki nne kati ya kumi.

Usuli

Mtoto wa Burundi anaanza shule kwa Kirundi. Hii ni neema ambayo nchi nyingi za Afrika hazina, kwa kuwa karibu nchi nzima inazungumza lugha moja, na mtoto anajifunza kusoma maneno aliyoyasikia tangu mgongoni mwa mama yake. Mambo yanabadilika mwaka wa tano. Hapo masomo yanahamia Kifaransa, lugha iliyokuja na Wabelgiji waliokabidhiwa Ruanda-Urundi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, huku Tanganyika ikienda kwa Waingereza. Mstari huo uliochorwa na wengine bado unapita katikati ya madawati.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, siku moja na Rwanda. Kiingereza kikapata uzito mpya, na mwaka 2014 sheria ikakifanya lugha rasmi. Kiswahili nacho kinafundishwa shuleni. Kwa hiyo mtoto wa mwaka wa tano, mwenye miaka kumi na moja au kumi na mitatu, anakutana na lugha nne ndani ya wiki moja, na mojawapo ndiyo kwanza imegeuka kuwa lugha ya hesabu na sayansi. Tangu ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwaka 2005 madarasa yamejaa. Shule tuliyokwenda ilisoma kwa zamu mbili, asubuhi na mchana, na darasa la mwaka wa tano nililopewa lilikuwa na watoto 74.

Jambo moja zaidi la usuli, ambalo tulilijua kwa masikio bila kulitafakari. Eneo lile limepokea familia nyingi zilizorudi kutoka makambi ya wakimbizi ya mkoa wa Kigoma, ambako urejeshaji wa hiari wa Warundi, wa awamu ya karibuni, ulianza mwaka 2017. Watoto wa familia hizo wanasema Kiswahili bila shida. Wenzao ambao hawajawahi kuondoka kilimani wanajua salamu zake na vipande vya nyimbo.

Sisi watano tulikuwa wahitimu wa ualimu tuliokuwa tukisubiri ajira. Taasisi ilitusaili kwa Kiingereza, ikatupanga kwa alama, na nami nikagawa kazi kwa kufuata alama hizo. Wenye alama za juu, nikiwemo mimi, tulichukua mwaka wa tano na wa sita, wawili wawili. Mwenzetu wa tano, kijana wa Kigoma, alikuwa wa mwisho kwenye usaili. Sarufi yake ilikuwa na mapengo. Nikampa kazi ya kutunza mahudhurio na sanduku la vitabu vya hadithi.

Kijana huyo ni Muha. Kiha na Kirundi vinasikilizana kiasi kwamba Muha na Mrundi wakikutana sokoni hakuna anayehitaji mkalimani. Nililijua hilo. Halikunijia akilini kama sifa ya mwalimu wa Kiingereza.

Wiki tatu za mwanzo

Siku ya kwanza tulifika saa nzima kabla ya wakati. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na simu zetu bado zilikuwa zikidaka mtandao wa upande wetu. Mkurugenzi wa shule, ndivyo mwalimu mkuu anavyoitwa kule, alitukuta tumekaa kwenye ngazi za darasa. Akatukaribisha kwa Kiswahili kizuri, akataja methali yetu ya mgeni njoo mwenyeji apone, kisha akatupeleka darasani. Mwalimu mwenyeji wa mwaka wa tano, mama mtu mzima aliyefundisha miaka mingi, alinikabidhi chaki kwa mikono miwili, akaenda kukaa dawati la nyuma. Nilipokea nikiona ni heshima. Ilikuwa heshima kweli, lakini pia hapo ndipo tulipoanza kuharibu.

Tulifundisha kama tulivyofundishwa: sentensi ya Kiingereza, maelezo ya Kiswahili, darasa linarudia. Darasa lilirudia kwa sauti iliyofika barabarani. Nilipoinua kitabu na kusema, "Repeat after me: this is a book," watoto 74 waliitikia, "Repeat after me: this is a book." Tulicheka pamoja nao, nikaeleza kwa Kiswahili kwamba sehemu ya kwanza ni yangu. Mikono ikainuka ya kuonyesha wameelewa. Ilikuwa mikono ya watoto wanane au tisa, ile ile kila siku, na mimi sikuihesabu.

Hao walikuwa watoto waliorudi kutoka Kigoma. Miongoni mwao alikuwapo binti wa miaka kama kumi na miwili, hodari, mwenye sauti inayosikika. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nikimwita mbele kila nilipoona nyuso zimeganda, naye anawageuzia wenzake maneno yangu kwa Kirundi. Vipindi vikawa vyepesi. Kwenye ripoti ya wiki niliandika kwamba darasa linashiriki vizuri.

Mwaka wa sita walikuwa na hadithi yao. Mwenzetu mmoja alitumia kipindi kizima kwa maneno mawili, "rice" na "lice", kwa sababu watoto waliyatamka sawa. Kirundi hakitenganishi l na r, kwa hiyo sikio la mtoto halina sababu ya kuzitofautisha. Mwisho wa kipindi watoto walikuwa wamechoka, na hakuna aliyekuwa amejifunza kuomba wali wala kumtambua chawa.

Wiki ya nne: madaftari na mama mmoja

Mambo mawili yalitokea siku mbili mfululizo.

Alhamisi jioni mwenzetu Muha alikuwa akipanga madaftari ya mwaka wa tano kabatini. Akaniita. Kwenye daftari la kwanza aliloshika palikuwa na neno moja refu: "Disizabuku." Daftari la pili hivyo hivyo. La tatu lilikuwa na "disizapeni". Tukaendelea kufungua hadi giza likaingia, na zaidi ya nusu ya madaftari yalikuwa na kitu cha namna hiyo. Kirundi, kama Kiswahili, kinaandikwa kama kinavyosikika na silabi zake huishia kwa irabu, kwa hiyo watoto waliandika kwa uaminifu kabisa kile walichokisikia. Walichokisikia ni kwamba kitabu kwa Kiingereza kinaitwa disizabuku.

Asubuhi yake mwenzetu aliwauliza watoto kadhaa nje ya darasa, akitumia Kiha chake. Walimjibu bila woga. Mmoja alimweleza kwamba Waingereza wana majina marefu ya vitu.

Nilikwenda kwa mwalimu mwenyeji na madaftari mkononi. Aliyatazama, akasema alishayaona tangu wiki ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mgeni aliyekuja kukusaidia kupika, humwambii siku ya kwanza kwamba chumvi imezidi."

Ijumaa hiyo hiyo mchana alikuja mama wa yule binti mkalimani. Hakuja kwa ugomvi. Alinisalimu, akauliza habari za nyumbani kwetu, ndipo akasema. "Mwanangu anarudi daftari jeupe. Nikimuuliza, ananiambia, mama, mimi kazi yangu ni kusema. Na wenzake wamempa jina, wanamwita Mtanzania. Sisi tumerudi kwetu, Mwalimu. Nataka awe mtoto wa hapa."

Sikuwa na la kujibu zaidi ya kuomba radhi. Binti yule alizaliwa kambini. Familia ilivuka mpaka ili aache kuwa mgeni, nami nikawa ninamsimamisha mbele ya darasa kila siku kuonyesha kwamba yeye ni tofauti. Nikitazama wiki zote kumi, hili ndilo linaloniuma kuliko mengine yote.

Uamuzi na sababu zake

Jumamosi tulikaa watano, na Jumapili mchana mwalimu mwenyeji na mkurugenzi wakaungana nasi. Njia zilizopendekezwa zilikuwa nne. Ya kwanza, kuendelea na watoto wakalimani lakini kwa zamu, ili mzigo usimwangukie mmoja. Tuliikataa upesi, kwa sababu kumzungusha mtoto kwenye kosa hakuliondoi kosa. Ya pili, sisi kujifunza Kirundi. Ni jambo jema, lakini kwa wiki sita zilizobaki tusingefika mbali. Ya tatu, kufundisha kwa Kiingereza kitupu na vitendo, kwa njia aliyoieneza James Asher, ambapo mwalimu anaamuru na mwili wa mwanafunzi ndio unaojibu. Hiyo tuliichukua kwa sehemu ndogo ya kila kipindi. Ya nne ilitoka kwa mwenzetu Muha, na ilikuwa fupi: turudishe chaki.

Maana yake ni kwamba mwalimu mwenyeji ndiye aongoze kipindi kwa Kirundi, na sisi tuwe sauti ya Kiingereza ndani ya kipindi chake. Mjadala ulikuwa mrefu. Mwenzetu mmoja alisema kwa uchungu kwamba hakusafiri siku mbili kuja kukaa dawati la nyuma, na nilimwelewa, kwa sababu anayejitolea huwa amebeba hamu ya kusimama mbele. Palikuwa pia na suala la taasisi. Ripoti yao ilihesabu saa alizofundisha kila mmoja wetu, na kipindi cha pamoja hakikuwa na kisanduku. Niliwaandikia. Wakajibu kwamba fomu haibadiliki katikati ya mradi, ila nijaze kwa busara. Nikajaza vipindi vya pamoja na kuongeza ukurasa wa maelezo nyuma.

Tulikubaliana mambo manne. Mwaka wa tano uhamie mfumo mpya Jumatatu. Mwenzetu Muha ahamie mwaka wa tano, nami nichukue mahudhurio na vitabu. Mtoto yeyote asitumwe tena kutafsiri. Na kila Alhamisi madaftari yasomwe na mwalimu mwenyeji pamoja na mgeni, wakiwa wamekaa meza moja.

Kwa mwaka wa sita hatukuamua lolote. Mwalimu mwenyeji wa pale alikuwa na zamu mbili na darasa jingine la kuziba pengo, akaomba vipindi vyetu viendelee ili apumzike. Hatukuona haki ya kumkatalia.

Wiki ya tano hadi ya kumi

Kilichofuata mwaka wa tano kilikuwa shule kwangu mimi niliyekuwa sasa nimekaa nyuma na rejesta.

Jumatatu ile mwalimu mwenyeji alichora ubaoni mstari mrefu na kuugawa vipande vinne, akaandika kila neno la "This is a book" kwenye kipande chake. Akaeleza kwa Kirundi kazi ya kila neno. Ilimchukua dakika kama saba. Kisha mwenzetu akapita kati ya madawati akigusa vitu, na watoto wakibadilisha kipande cha mwisho tu. Disizabuku ilianza kuvunjika siku hiyo, ingawa kwa baadhi yao ilichukua wiki mbili zaidi.

Jambo la pili hakuna kati yetu ambaye angelifikiria, kwa kuwa sote watano hatukujua Kifaransa. Watoto walikuwa wakisoma Kiingereza cha ubaoni kwa sauti za Kifaransa, nasi tulikuwa tukilihesabu hilo kuwa kosa. Mwalimu mwenyeji aliligeuza. Alibandika ukutani karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya maneno yanayofanana sura na maana: table, page, orange, fruit, image, animal, question, six. "Haya mnayo tayari," akawaambia, "badilisheni mdomo tu." Karatasi ya pili ilikuwa ya maneno yanayofanana sura lakini yanaficha maana nyingine. Main ni mkono kwa Kifaransa, four ni tanuri, pain ni mkate, chat ni paka. Watoto waliipenda karatasi ya pili kupita kiasi. Walikuwa wakiwinda maneno vitabuni na kuyaleta kwa fahari, na yule binti aliyekuwa mkalimani alileta "son", lenye maana ya sauti au "-ake" upande mmoja na mtoto wa kiume upande mwingine. Aliliandika mwenyewe ukutani. Daftari lake halikuwa jeupe tena.

Namba zilitushangaza vilevile. Kifaransa cha Burundi kimerithi namna ya Kibelgiji, kwa hiyo sabini ni septante na tisini ni nonante, maneno yanayojengwa moja kwa moja juu ya saba na tisa. Mtoto anayejua hivyo anaipokea "seventy" na "ninety" kama mtu anayemkuta ndugu.

Na saa. Mwenzetu alikuwa ameandaa andalio zuri la kueleza kwa nini saa mbili ya asubuhi kwa Kiingereza ni "eight o'clock", na zana ya duara la boksi lenye mishale miwili. Kirundi kinahesabu saa kama Kiswahili, isaha zibiri ndiyo saa mbili. Alipolionyesha andalio mezani siku ya Alhamisi, mwalimu mwenyeji alilisoma mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema watoto walishavuka mto huo: Kifaransa kiliwafundisha huit heures, yenye namba nane, tangu zamani. Ilitosha kuwaambia kwamba saa ya Kiingereza ndiyo ile ya Kifaransa. Kipindi tulichokipangia dakika arobaini kilikamilika kwa kumi, na zilizobaki zikaenda kwenye kuulizana ratiba ya siku.

Tulijifunza pia kusubiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Kimarekani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi baada ya kuuliza swali husubiri kama sekunde moja tu, na kwamba wakifika sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi huwa marefu na wanaojibu huongezeka. Nilikuwa nimelisoma hilo chuoni na kulijibia mtihani. Nilipokaa nyuma na kuhesabu kimya, niliona kwamba sisi wageni hatukufika hata sekunde mbili. Mtoto anayetoka Kirundi, anapita Kifaransa na kutafuta Kiingereza ana safari ndefu kuliko hiyo. Mwalimu mwenyeji alisubiri bila kufundishwa. Alikuwa akimwangalia mtoto mdomo, na midomo inapocheza alijua jibu liko njiani.

Suala la l na r tuliliacha. Mwenye kusema "I eat lice" akiwa ameshika sahani anaeleweka.

Wiki ya nane nilimkuta mwalimu mwenyeji amelala juu ya madaftari. Alifundisha asubuhi na mchana, na Alhamisi zetu zilikuwa zimeongeza saa mbili kwenye siku yake. Hatukuwa tumemuuliza. Tulikuwa tumefurahi mno na mfumo mpya kiasi cha kutoona nani anaubeba. Kuanzia hapo tulisahihisha wenyewe, tukimwekea kando madaftari kumi tu yenye mambo ya kuzungumza.

Matokeo

Wiki ya pili na ya kumi tulifanya jaribio lile lile kwa watoto 20 wa mwaka wa tano na 20 wa mwaka wa sita, waliochaguliwa kwa kuhesabu majina kwenye rejesta bila kuangalia uwezo. Kila mtoto aliingia peke yake ili asimwangalie jirani.

Mwaka wa tano, watoto waliotekeleza angalau amri nne kati ya sita, kama kufungua dirisha au kuweka kalamu chini ya kitabu, walikuwa 5 mwanzoni na 16 mwishoni. Waliojibu swali moja jipya kwa sentensi yao wenyewe walitoka 1 wakafika 9. Kusoma kwa sauti mistari mitatu ya kitabu chao kulipanda pia. Kuandika hakukusogea vya kutosha. Ni 4 tu walioweza kuandika sentensi tatu bila kunakili.

Mwaka wa sita, watoto waliotekeleza angalau amri nne walitoka 8 wakafika 10. Kwa saa za kufundisha zilizoandikwa kwenye fomu, wenzetu wa mwaka wa sita walikuwa wameongoza kundi zima.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema mfumo wa pamoja ulifanya kazi na ule wa kwanza ulishindwa. Nadhani sababu iko ndani zaidi. Katika wiki tatu za mwanzo hakuna mtu mbele ya darasa aliyekuwa na uwezo wa kusikia mtoto anadhani nini. Sisi tulisikia sauti, na sauti ilikuwa sahihi. Kosa la disizabuku halisikiki mdomoni, maana mtoto anayetamka "this is a book" akijua ni maneno manne na anayetamka akidhani ni neno moja wanatoa mlio ule ule. Linaonekana daftarini, au linasikika pale mtoto anapoulizwa kwa lugha anayoifikiria. Watu wawili pale shuleni walikuwa na uwezo wa kumuuliza hivyo. Mmoja tulimkalisha nyuma, mwingine nikampa funguo za kabati.

Kosa la kumpanga mwenzetu Muha ni langu. Nilipima walimu kwa kitu kinachoenda kutoka kwa mwalimu hadi kwa mtoto, yaani Kiingereza chao, na sikupima kabisa kinachorudi. Sarufi yake yenye mapengo haikuleta madhara niliyoyaogopa. Kwa kiwango cha mwaka wa tano ilitosha, na palipokuwa na shaka alikuja kuniuliza jioni. Sisemi Kiingereza cha mwalimu hakina uzito. Mwalimu asiyejua hana cha kufundisha. Lakini juu ya kiwango fulani, alama kumi zaidi za sarufi hazikuwa na thamani kama uwezo wa kumuuliza mtoto, "Kwa nini umeandika hivi?" na kuelewa jibu.

Kuhusu Kiswahili najua nitawaudhi baadhi ya wasomaji, kwa sababu nami nakipenda. Kiswahili kilitusaidia ofisini, kwa mkurugenzi, kwa wazazi waliorudi, sokoni. Darasani kiliwagawa watoto makundi mawili kabla hatujafika somo la kwanza: waliowahi kuwa wakimbizi na wasiowahi kuwa. Hakuna mtu aliyekusudia hivyo. Anayekwenda kufundisha mpakani aulize mapema nani kati ya watoto anajua lugha yake na wameijulia wapi, kwa sababu jibu linaweza kuwa kidonda.

Heshima ya mwenyeji kwa mgeni ni hatari ya kweli katika kazi hii. Kwa wiki tatu mwalimu yule aliona kosa na kunyamaza kwa adabu, na adabu hiyo ilikuwa haki yake. Kumwambia "tukosoe, Mama" siku ya kwanza kusingesaidia, maana kila mgeni husema hivyo. Kilichomfungua ni kukaa meza moja mbele ya madaftari ya watoto. Pale alikuwa anazungumzia daftari, hakuwa anamkosoa mtu. Kama ningerudia kazi hii, meza ya madaftari ingeanza Alhamisi ya wiki ya kwanza, na ningeiombea muda ndani ya ratiba yake ya kazi badala ya kuuchukua kwenye mapumziko yake.

Mwaka wa sita hatukuwatendea vema. Tulisema tunaheshimu ombi la mwalimu aliyechoka, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini tulikuwa watu watano na yeye mmoja. Tungeweza kumpunguzia darasa lake la kuziba pengo ili apate nguvu ya kukaa nasi kwenye Kiingereza. Hilo lilinijia kichwani nikiwa ndani ya basi la kurudi.

Juu ya kuandika, naona sababu ni idadi. Mtoto hujifunza kuandika akisahihishwa, na madaftari 74 kwa wiki moja yanamshinda yeyote. Tulipaswa kuchagua watoto 15 kila wiki kwa zamu na kuwasoma kwa kina, badala ya kupitisha tiki nyekundu kwa wote.

Baada ya hapo

Tuliacha karatasi mbili za ukutani, sanduku la vitabu na maandalio ya wiki sita yaliyoandikwa kwa Kirundi na Kiingereza, kwa mwandiko wa watu wawili. Septemba iliyofuata mwalimu mwenyeji alinitumia ujumbe wa sauti. Alikuwa na mwaka wa tano mpya, akitaka kujua "sale" inasomwaje kwa Kiingereza, kwa sababu mtoto ameileta: kwa Kifaransa ni chafu. Nikamrekodia.

Taasisi ilipoandaa kundi jingine la kwenda upande ule, niliomba swali moja liongezwe kwenye fomu ya usaili: mbali na Kiswahili na Kiingereza, unazungumza lugha gani za mpakani? Liliongezwa. Waombaji wawili walijaza Kiha, mmoja akajaza Kihangaza.